Kwa nini kurudi mjini kutoka Chwaka kwa baiskeli ni kugumu kuliko kwenda?

Mwana wa Vuga
Assalaam alaikum. Nina swali linalonisumbua tangu nilipoanza kuendesha baiskeli za barabarani, miaka mitatu iliyopita. Kila Jumapili baada ya sala ya alfajiri hutoka Mji Mkongwe kwa upande wa Darajani, nikapita Amani, Welezo, Mwera, Koani na Dunga, kisha nikateremka Ndijani na Jendele hadi Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja. Ni kilomita 32 hivi. Hukaa pwani kwa saa mbili au tatu, kisha hurudi kwa njia ile ile. Kwenda ni raha tupu, lakini kurudi ni adhabu, na hadi nifike Amani miguu huwa haitaki tena kusikia neno langu.

Linalonishangaza ni kwamba hesabu ya upepo inasema kinyume. Kaskazi, ambayo hutawala kuanzia Disemba hadi Machi, huvuma kutoka kaskazini mashariki, na kusi, ambayo huanza Aprili au Mei hadi Septemba, huvuma kutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili zinatoka upande wa Chwaka. Basi anayekwenda Chwaka ndiye anayepaswa kupigwa usoni, na anayerudi mjini ndiye anayepaswa kusukumwa mgongoni, msimu wowote ule. Kwa nini kwangu mambo yamepinduka? Wenzangu wawili ninaoendesha nao wanasema nao wanaona hivyo hivyo.

Fundi Gololi
Wa alaikum salaam. Kabla ya kuulaumu upepo, iangalie baiskeli yenyewe. Nimefanya kazi ya kutengeneza baiskeli kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninawajua wateja wangu wanaotoka Chwaka bila ya kuambiwa. Kila mmoja akifika kule huishusha baiskeli mchangani ili apige picha na bahari nyuma yake. Mchanga wa pwani ni laini kama unga, huingia kwenye cheni na kwenye gololi za ekseli, na chumvi hukausha mafuta. Unaondoka mjini na cheni iliyolainika, unarudi na cheni inayosaga. Nionyeshe cheni yako Jumapili jioni nami nitakupa jibu.

Mwana wa Vuga
Fundi, nakubali kwamba picha hupigwa, lakini mimi huiegemeza baiskeli kwenye mnazi juu ya barabara. Mchanga haufiki huko.

Fundi Gololi
Wote husema hivyo.

Maalim wa Ramani
Swali ni zuri, na nafikiri jibu liko kwenye ardhi na si kwenye hewa. Watu wengi huamini kwamba Unguja ni kisiwa tambarare kwa sababu kilele chake hakifiki hata mita 150 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, upande wa magharibi na wa katikati una migongo ya vilima vyenye udongo mzito, ndiko kwenye karafuu, minazi na michungwa, na upande wa mashariki ni uwanda wa mawe ya matumbawe unaoshuka polepole hadi baharini. Unapotoka mjini, vilima vyako unavipanda mapema, asubuhi, miguu ikiwa mipya, na kimoja kimoja kwa vipande vifupi. Unapotoka Chwaka, unapanda kwa kilomita nyingi mfululizo bila ya jicho kuona kwamba unapanda.

Mwinuko wa mita 1 katika kila mita 100 hauonekani kwa macho. Hata hivyo, kwa mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 80, mwinuko huo ni sawa na kuvutwa nyuma na uzito wa gramu 800 bila ya kupumzika. Mvutano wa tairi nzuri kwenye lami ni kama nusu ya huo. Kwa hiyo barabara unayoiona imelala inaweza kukudai mara tatu ya nguvu ulizodhani, na kwa kuwa huoni kilima, unaanza kujilaumu mwenyewe.

Abiria wa 502
Mimi nauliza tu: kwa nini usiende Bububu? Barabara ya pwani inapita Maruhubi na Mtoni, unaona magofu ya majumba mawili ya kifalme katika safari moja, na mwinuko karibu haupo kabisa hadi ukate kulia kupanda Kidichi. Hata reli ya zamani ilipita upande huo. Na mnajua kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa lile garimoshi.

Mwana Maktaba
Ndugu Abiria, hapo nakurekebisha kwa heshima. Reli ya kutoka mjini hadi Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani na ikaanza kazi mwaka 1905. Binti Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake anaieleza Bububu kwa jina hilo hilo, kwa kuwa aliwahi kuishi huko. Garimoshi haliwezi kuupa mji jina karibu miaka 20 kabla halijafika.

Abiria wa 502
Basi limetokana na nini?

Mwana Maktaba
Wapo wanaosema ni mlio wa maji ya chemchemi ya pale yanavyobubujika. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba si garimoshi.

Mjukuu wa Dunga
Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Bububu na mpaka anafariki alishikilia kwamba ni garimoshi, na mimi siwezi kubishana na kaburi. Turudi barabarani.

Maalim amesema kweli kuhusu mwinuko, lakini kuna jambo amelisahau. Marehemu baba yangu alikuwa akipakia magunia mawili ya muhogo kwenye keria ya baiskeli yake ya Phoenix, ile ya chuma isiyo na gia hata moja, akatoka Dunga usiku wa manane na kufika sokoni Darajani kabla ya adhana ya alfajiri. Safari yake nzito ilikuwa ya kwenda mjini na safari yake nyepesi ilikuwa ya kurudi Dunga. Sikumsikia hata siku moja akilalamika kwamba Mwera inapandisha kuelekea mjini. Alichokuwa akikilalamikia ni kurudi nyumbani saa nne asubuhi na keria tupu, jua likiwa juu ya kichwa, na alikuwa akisema kwamba gunia lilimchosha kidogo kuliko jua. Kwa hiyo nashuku kwamba neno "kurudi" lenyewe lina uzito wake, liwe limeelekea mashariki au magharibi.

Halafu, ndugu Mwana wa Vuga, unapita kando ya magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, pale Dunga kila Jumapili na hujasema hata neno moja juu yake. Simama siku moja, kuna kivuli na maji.

Mtu wa Mvita
Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimesoma habari za vilima vya Unguja nikacheka hadi chai ikanimwagikia. Anayetaka kujua maana ya kupanda na aje atoke kisiwani Mombasa, avuke Makupa na Changamwe, kisha apande Mazeras hadi Mariakani akiwa katikati ya malori ya makontena. Huko hakuna anayeuliza kama barabara inapanda.

Maalim wa Ramani
Ndiyo sababu hasa nilisema kwamba tatizo la Chwaka ni kutoonekana, ndugu yangu. Mazeras unaiona mbele yako, unabadilisha gia na unajiandaa moyoni. Jendele haikupi taarifa yoyote.

Muuguzi wa Kibweni
Naomba nami niseme kwa upande wa mwili. Mmezungumza juu ya upepo kama kitu kinachosukuma au kinachozuia tu, na mmesahau kwamba upepo ndio unaompoza mpanda baiskeli. Chukulieni mfano wa mtu anayekwenda kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa, na upepo unavuma kwa kilomita 15. Akiupinga, ngozi yake inapata hewa ya kilomita 37 kwa saa, na jasho linakauka mara moja. Akirudi nao mgongoni kwa mwendo ule ule, hewa inayompita ni kilomita 7 tu. Jasho halikauki, linatiririka bila ya kumpoza, na mwili unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, damu ambayo ilihitajika kwenye mapaja. Mtu anahisi miguu imekwisha, kumbe ni joto.

Ongezeni kwamba kwenda ni saa kumi na mbili asubuhi na kurudi ni saa nne au saa tano. Upepo ule ule unaokusaidia kwenye pedali ndio unaokupika.

Mwana wa Vuga
Ahsante sana, dada. Hili sijawahi kulifikiria, na ni kweli kwamba ninaporudi fulana huwa imelowa kama iliyotoka kisimani, na nilidhani ni dalili ya kuchoka.

Maalim wa Ramani
Hoja ya dada Muuguzi ni nzito, lakini hesabu inahitaji marekebisho madogo. Chwaka iko mashariki kabisa ya mji, na kaskazi na kusi zote zinakuja kwa mshazari, si kwa kunyooka. Upepo wa kilomita 15 unaokupiga kwa pembe ya digrii 45 unakusaidia kwa kiasi cha kilomita 10 na kidogo, na sehemu iliyobaki inakupiga ubavuni. Kwa hiyo hewa haikosekani kabisa wakati wa kurudi. Inapungua, nakubali, na joto linaongezeka, lakini si kama kukaa ndani ya chungu.

Muuguzi wa Kibweni
Maalim, hesabu yako ni sahihi kwa barabara iliyo wazi. Kati ya Dunga na Mwera kuna minazi na miembe pande zote mbili, na huo upepo wa ubavuni hauingii. Njoo uendeshe pale saa tano asubuhi mwezi wa Februari, kisha uniletee hizo digrii 45.

Bint Chwaka
Mimi ni mwenyeji wa huko mnakokuja kupiga picha. Nitasema yangu mawili.

La kwanza, nimesoma skuli mjini na kwa muda mrefu nilikuwa nikienda kwa baiskeli mwishoni mwa wiki, nikitokea nyumbani Chwaka. Kwangu mimi kwenda mjini ndiko kulikokuwa kugumu, hata alfajiri kukiwa na baridi, na kurudi nyumbani alasiri kulikuwa kwepesi. Kwa hiyo ile nadharia ya Mjukuu wa Dunga kwamba kila kurudi ni kuzito, kwangu haikusimama. Ya Maalim imesimama kidogo. Lakini kaka yangu, aliyeendesha pamoja nami baiskeli ile ile kwa zamu, anaapa hadi leo kwamba ilikuwa kinyume chake, na tulikuwa barabara moja na siku moja.

La pili, ninyi watu wa mjini mnakula sana mkifika kwetu. Namwona mtu ameteremka kwenye baiskeli ya thamani, amevaa nguo za kubana, anaagiza wali wa nazi sahani mbili na pweza wa kukaanga, anateremshia kwa madafu matatu, kisha saa nne unusu anapanda baiskeli akishangaa kwamba ardhi imeinuka.

Mwana wa Vuga
Sahani ni moja.

Fundi Gololi
Na baiskeli iko juu ya mnazi.

Nahodha Mstaafu
Nimecheka, lakini nina la maana pia. Watu wa baharini tunajua kwamba upepo wa kwenye kalenda na upepo wa saa hiyo ni vitu viwili. Asubuhi na mapema bara huwa imepoa na upepo ni mdogo, wakati mwingine hakuna kabisa. Kadiri jua linavyopanda ndivyo upepo unavyokaza. Kwa hiyo Mwana wa Vuga anapokwenda alfajiri hapigwi na upepo wowote wa kutajika, na ndiyo sababu haoni ugumu wa kwenda. Vilevile kuna kipindi cha tanga mbili, baina ya misimu, ambapo upepo haujui unatoka wapi, na huwezi kukifanyia hesabu. Kuhusu kurudi, nimeona mara nyingi upande wa mji, baada ya adhuhuri, upepo mwepesi ukitoka baharini magharibi na kuingia nchi kavu. Huenda unakutana nao uso kwa uso kuanzia Welezo.

Maalim wa Ramani
Nahodha, sehemu ya kwanza ya maneno yako naipokea yote. Ya pili inanipa shaka. Bara Afrika, ng'ambo ya mkondo, hupata joto kubwa zaidi mchana kuliko kisiwa chetu kidogo, na huvuta hewa kuelekea kwake, yaani kuelekea magharibi. Ningetarajia upepo wa mashariki ukaze mchana, si upindwe.

Nahodha Mstaafu
Ungetarajia, Maalim. Mimi nilikuwa ndani ya chombo.

Mpemba wa Muscat
Salamu kutoka Omani. Huku waendesha baiskeli hutoka saa kumi za usiku miezi ya joto na jua likichomoza wameshaoga. Swali la kurudi halipo kwa sababu hakuna anayerudi mchana. Mwana wa Vuga, jaribu kukaa Chwaka nusu saa badala ya saa tatu, uone kama barabara itabaki na hila zake. Nami nilivyokuwa kijana nikitoka Wete kwenda Chake Chake, vilima vya Pemba vilitufundisha kwamba hakuna njia ya kwenda wala ya kurudi, zote ni za kupanda. Watu wa Unguja mna bahati ya kuwa na nafasi ya kulinganisha.

Mpita Jozani
Ahlan. Naona mnabishana juu ya kurudi kwa njia moja wakati kuna njia ya kutorudi kwayo. Fikeni Chwaka, pandeni mashua inayovusha watu ghubani hadi Michamvi, baiskeli zikiwa zimelazwa juu ya wavu, kisha shukeni na barabara ya pwani kupitia Bwejuu hadi Paje. Kutoka Paje mnakata magharibi, mnapita msitu wa Jozani, kisha Bungi na Tunguu hadi mjini.

Pale Jozani naomba kila mtu apunguze mwendo kwenye matuta. Yamewekwa kwa ajili ya kima punju, ambao hawapatikani popote duniani ila visiwani kwetu, na wengi wao waligongwa na magari kabla ya matuta kuwekwa. Kima akiruka mbele ya tairi nyembamba, mtakaoumia ni wawili. Na pale Bungi mtapata malipo yenu: safu za miembe mikubwa inayonasibishwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said, kivuli ambacho huwezi kukipata popote kwenye barabara ya Chwaka. Kuna visa vingi vya kutisha kuhusu namna miembe ile ilivyopandwa, na kila mzee ana chake.

Mzunguko huu ni mrefu, unazidi kilomita 90, na sishauri mtu aufanye bila ya kuwa na tyubu mbili, pampu na solushani. Kati ya Paje na Jozani unaweza kwenda muda mrefu bila ya kumwona fundi.

Muuguzi wa Kibweni
Na maji. Lita tatu si nyingi kwa safari hiyo.

Bint Chwaka
Mpita Jozani amesahau jambo moja. Mashua haiondoki mtu anapotaka, huondoka maji yanapotaka. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, ghuba inabaki matope na mwani, na utasubiri kwa saa nyingi huku ukiila ile sahani ya pili. Ulizeni kwanza.

Abiria wa 502
Na anayetaka kuepuka mashua anaweza kufuata pwani kutoka Chwaka kwenda Uroa, Pongwe na Kiwengwa, akakata Kinyasini na Mahonda, kisha akateremka Bububu. Ubaya wake ni kwamba kuanzia Mahonda unachangia barabara na magari ya watalii wa Nungwi yanayokimbilia ndege, na hayo hayajui kwamba baiskeli ina haki ya kuwa barabarani.

Mjukuu wa Dunga
Tumetoka tena nje ya swali. Mimi napendekeza jaribio. Mwana wa Vuga alale Chwaka usiku mmoja, aende mjini alfajiri, apumzike saa zile zile mbili au tatu, kisha arudi Chwaka. Kama ni ardhi, atateseka akienda. Kama ni jua na tumbo, atateseka akirudi.

Maalim wa Ramani
Naunga mkono, kwa sharti kwamba asile zaidi ya kawaida yake.

Fundi Gololi
Na cheni niitie mafuta mimi mwenyewe siku moja kabla.

Mwana wa Vuga
Ndugu zangu, samahani kwa kukaa kimya wiki mbili. Nimelifanya jaribio. Fundi alitia mafuta, Ijumaa nikapanda daladala ya Chwaka na baiskeli juu ya paa, nikalala kwa jamaa. Jumamosi nikatoka saa kumi na mbili kasorobo. Kutoka Chwaka hadi Dunga nilihisi ule uzito anaousema Maalim, tena kwa mara ya kwanza niliuona kwa macho, kwa sababu niliacha kupiga pedali pale Jendele na baiskeli ikasimama haraka mno kwa barabara niliyoiamini kuwa sawa. Baada ya Dunga nikasahau uzito wote, na nikafika Darajani baada ya saa 1 na dakika 31, bila ya kuona ule mzigo ninaouona kila Jumapili pale Mwera. Nilikunywa urojo bakuli moja, nikakaa Forodhani, na saa tatu unusu nikaanza kurudi Chwaka, upepo ukiwa usoni. Fulana haikulowa kama kawaida. Lakini miguu ilikuwa mizito kuanzia Koani, na kipande cha mwisho, ambacho kwa mujibu wa Maalim kinateremka, nilikiona kirefu kuliko siku zote. Nilitumia saa 1 na dakika 28.

Muuguzi wa Kibweni
Fulana haikulowa, basi mimi nimepata nusu yangu.

Mjukuu wa Dunga
Na miguu ilikuwa mizito kwenye kurudi, basi baba yangu amepata yake.

Maalim wa Ramani
Subirini kwanza. Umerudi kwa dakika 3 pungufu ya ulizokwenda, dhidi ya upepo, na bado unasema kurudi kulikuwa kugumu. Hizo Jumapili za miaka mitatu ulikuwa ukipima saa?

Mwana wa Vuga
Hapana, Maalim. Saa nilikuwa naiacha nyumbani ili isiingie jasho.

Bint Chwaka
Bakuli moja la urojo?

Mwana wa Vuga
Moja, na mishikaki kidogo.

Kaka wa Bint Chwaka
Nimeitwa hapa na dada yangu. Nashikilia kauli yangu: kwenda mjini kulikuwa kwepesi. Yeye alikuwa akikaa kwenye keria nusu ya njia, na aliyekuwa akipiga pedali ni mimi.

Bint Chwaka
Hilo lilikuwa mwaka mmoja tu.

Mpita Jozani
Tuko watu watano tunaotaka kwenda na mashua Jumapili ijayo. Nahodha, maji yanajaa saa ngapi?